Gundi Isiyotoka kwa Siki

Kuna watu ambao kiti kikishapata joto chini yao, wanahisi kimewalia njama. Fundi lifti wetu alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza alipokwenda ukweni kujitambulisha, aliinuka kwenda dirishani, akarudi, akainuka kuangalia kwa nini saa ya ukutani imesimama, akarudi, akainuka tena kuchungulia gari lililopita, mpaka mama mkwe akamnong'oneza binti yake, “Mwanangu, umetuletea Kiguu na Njia.” Jina likamshika. Njia ikadondoka kwa uvivu wa ndimi za watu, akabaki Kiguu, na kazini, mtaani na nyumbani hakuna aliyemwita vinginevyo.

Kazi nayo ilimfaa. Kampuni yao ilifunga lifti kwenye majengo mapya, na majengo mapya hayaoti mahali pamoja. Kila tawi lilipofunguliwa, Bosi aliwaita mafundi akauliza nani yuko tayari kwenda, na kabla swali halijafika mwisho mkono wa Kiguu ulikuwa umeshagusa dari. Yeye hutangulia na begi moja. Mkewe hufuata baadaye na vitanda, vyombo, makabati, na binti yao aliyenuna. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, lakini kwa Kiguu mambo yalikuwa kinyume: hakuwepo kwenye kufunga mizigo hata siku moja, na kila kilicho chake kilifika.

Sasa Bosi alikuwa ameuliza tena. Ilikuwa Ijumaa. Mji mwingine, mbali, jengo refu kuliko yote waliyowahi kuyashika. Safari hii Kiguu aliona haya kidogo, akasema, “Nipe mpaka Jumatatu, Bosi, nizungumze na nyumbani.” Kuzungumza na nyumbani kulichukua muda wa kumeza tonge. “Kuna kituo kipya,” alimwambia mkewe wakiwa mezani. Mkewe akamtazama, akarudisha macho kwenye sahani, akasema, “Fanya unavyoona.” Binti akanyanyuka na sahani yake akaenda jikoni. Kiguu akaona mambo yamekwisha, akalala usingizi wa pono. Mwanamume mzima, na miaka yote hiyo ya ndoa, bado hajajua kwamba “fanya unavyoona” si ruhusa!

Basi Jumatatu asubuhi alikuwa juu kabisa ya jengo walilokuwa wanalimalizia, kwenye chumba cha mashine, akingoja. Fundi umeme alikuwa amezima umeme akaenda kunywa chai, na chai ya fundi umeme haina mwisho. Kiguu aliizunguka mota. Akakaza bolti ambayo Ijumaa aliikaza mwenyewe. Akatoka kwenye paa, akautazama mji, akaona ameumaliza, akarudi ndani. Moyo wake ulikuwa umeshahama. Kilichobaki pale ni miguu, na miguu yenyewe inawasha. Kulikuwa na kijiwaya kimoja chembamba cha swichi ambacho kila ukikikaza kinalegea. Akatoa simu akauliza namna ya kukaza waya mwembamba usilegee.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye tovuti fulani ya zamani. “Mwenye akili zake hauvuti waya kwa nguvu,” liliandikwa. “Anauzungusha kwenye msumari, anauacha ulale kwanza, ndipo anaukaza polepole. Asiyejua hata hili akacheze gololi na watoto wenzake.” Kiguu akaguna. Huyu mjuaji katokea wapi? Watu wengine ukiwapa kalamu tu wanajiona maprofesa. Akashusha skrini kidogo aone jina la huyo bingwa, na jina lilikuwa Kiguu. Nyani haoni kundule.

Alicheka peke yake mle chumbani, kisha akaacha kucheka, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa imeanza kumrudia. Tovuti iliitwa Meli Mezani. Ilikuwa vilevile: rangi ya buluu iliyopauka, nanga inayozunguka pembeni bila sababu, maandishi madogo ya kuumiza macho. Hapo ndipo walipokutana watu wanaojenga meli ndogo za mbao kwa mikono yao, watu wa kukwangua ubao kwa wembe mpaka uwe mwembamba kama ukucha, watu wa kubishana wiki nzima kuhusu rangi ya kamba. Msimamizi wao alijiita Gundi Kavu, na tabia yake ilikuwa kama jina lake. Ulikuwa unaweza kujenga meli ya kutetemesha wafalme, yeye akakujibu, “Usukani umepinda.”

Kiguu naye alikuwa na meli. Bado anayo. Ni meli ya mizigo ya kale, yenye milingoti mitatu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, aliyoianza kwenye nyumba yao ya kwanza kabla binti hajazaliwa. Alipanga mbavu zake, akazivika mbao, akasimamisha milingoti, akafunga kamba zote. Alipofika kwenye matanga, akachoka. Meli ikabaki uchi hivyo hivyo mpaka leo, juu ya kabati la sebuleni, na yeye akipita hapo kila asubuhi kama mtu anavyopita mlango wa jirani asiyemdai.

Akafungua ukurasa wake wa zamani. Picha zilikuwepo zote. Meli ikiwa mbavu tupu, kwenye meza ya nyumba ya kwanza. Meli imevikwa mbao, nyumba ya pili. Alizikuza picha aone ufundi wake, lakini jicho lake lilikataa kutulia kwenye meli. Lilikuwa linakwenda nyuma ya meli. Nyuma ya meli alikuwepo mkewe ameinama juu ya boksi. Picha nyingine, mkewe anafungua boksi. Nyingine, binti akiwa mdogo amekaa ndani ya boksi, anakula biskuti. Mtu mmoja aliwahi kuuliza hapo chini, “Samahani ndugu, hapo nyumbani kwako mnauza maboksi?” na Kiguu alikuwa amemjibu kwa mzaha. Leo hakuona mzaha wowote.

Akashuka zaidi, akakuta andiko lake la mwisho kabla hajaitupa tovuti. Masikini, lilikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: TANGU NIITENGENEZE, MELI YANGU IMEHAMA MIJI KADHAA NA HAIJAVUNJIKA HATA UZI. Debe tupu haliachi kuvuma. Chini yake alikuwa ameeleza kwa aya ndefu kwamba siri yote ni msingi mzuri na mkono wa fundi. Gundi Kavu alikuwa amejibu: “Hongera kwa fundi.” Kiguu aliikumbuka hongera ile. Ilikuwa sifa pekee aliyowahi kuitoa yule mtu, na alitembea nayo kifua mbele mwezi mzima. Chini ya hongera ile kulikuwa na nyingine, ya mtu anayejiita Shehena. Nayo ilisema tu, “Hongera.”

Shehena ni nani? Hakumkumbuka. Akaligusa jina, na tovuti ikamfungulia kila kitu alichowahi kuandika Shehena. Karibu vyote vilikuwa kwenye chumba cha Wanaoanza, chumba ambacho Kiguu hakuwahi kukikanyaga kwa kuwa yeye, jamani, hakuwa mtu wa kuanza.

Andiko la kwanza lilikuwa na picha. Meli imelazwa kwenye sakafu ya jikoni, juu ya taulo la kijani. Kiguu aliijua meli, akalijua na taulo, maana alikuwa ameoga nalo miaka.

“Habarini wakubwa,” aliandika Shehena. “Mume wangu ametangulia kituo kipya. Mara iliyopita tulipohama mlingoti wa mbele ulivunjika, akakaa siku nyingi anautengeneza, hasemi na mtu. Safari hii nifanyeje usivunjike?”

“Meli hii naijua,” alijibu Gundi Kavu. “Mwenyewe anajua unauliza?”

“Hajui, na asijue. Akijua atasema acha, nitafunga mwenyewe. Na hatafunga.”

Basi Gundi Kavu akamfundisha. Pasha siki moto, paka kwa brashi pale mlingoti unapoingilia, ngoja, paka tena, gundi italainika, uchomoe taratibu. Fungua kamba kwenye vikulabu vyake, uziviringishe kila moja peke yake. Milingoti ikae kwenye boksi lake, meli kwenye lake. Ukifika, rudisha kila kitu, lakini usigandishe tena. Weka nta kidogo tu, itashika. “Utagandisha siku mtakapoacha kuhama,” aliandika.

“Kamba hizi ni kama nywele,” Shehena alijibu baada ya siku chache. “Mimi ni msusi, nimezizoea. Tofauti ni kwamba hazilalamiki.”

Kiguu aliegemea ukuta wa chumba cha mashine. Masikio yalimchoma kwa aibu. Katika kila nyumba waliyohamia, alirudi jioni kutoka kazini akaikuta meli imeshasimama juu ya kabati hata kabla sufuria hazijatolewa, na kila mara alijipongeza moyoni kwa mkono wake imara. Kumbe mkono wake ni nta! Mwanzoni alikasirika, maana ni rahisi kukasirika. Walimficha, walimcheka, yule mzee wa gundi na mke wake mwenyewe. Lakini hasira ilihitaji mtu wa kuibeba, na mle ndani alikuwa peke yake na mota, akaona aibu inarudi palepale.

Akaendelea kusoma. Alitaka kuacha na akaendelea, huku akitembea, kutoka mlangoni mpaka kwenye mota, kutoka kwenye mota mpaka mlangoni. Nyumba baada ya nyumba, Shehena alirudi na taarifa.

“Meli imefika salama,” aliandika kutoka mji mmoja. “Mimi bado.”

Gundi Kavu hakuwa mtu wa maneno ya moyoni. “Ukifika tupe picha,” alijibu.

“Wateja wangu wote wamebaki kule nilikotoka,” aliandika kutoka mji uliofuata. “Kichwa cha mtu hakihami na msusi wake. Naanza upya, naomba kazi kwa wasichana niliowazidi umri.”

“Mbona unajisumbua hivi,” aliuliza Gundi Kavu wakati mwingine, “na meli yenyewe haina hata tanga moja?”

“Ndicho kitu pekee alichokianza akakiacha bila kukitupa.”

“Na wewe je?”

“Mimi hakunianza. Alinikuta nimeshakamilika.”

Kiguu alicheka kwa sauti hapo, akamsikia mkewe kabisa, vile anavyokunja mdomo upande akishakupiga kijembe. Kisha akafika kwenye maandiko ya mwisho. Yalikuwa ya juzi juzi. Swali lilikuwa limewekwa Ijumaa, baada ya kile chakula.

“Gundi gani haitoki kwa siki?”

“Ile ya mirija miwili, unayochanganya,” alijibu Gundi Kavu. “Ukishaiweka ndio basi. Siku ukitaka kuutoa mlingoti, utaukata. Na milingoti ikiwa imesimama hakuna boksi la kuichukua hiyo meli. Una hakika?”

“Nina hakika.”

“Mmeacha kuhama?”

“Mimi nimeacha. Yeye bado hajui.”

Na jana, Jumapili, picha ya meli juu ya kabati lao, na neno moja: “Imekauka.” Gundi Kavu alijibu, “Safi.” Hakusema kitu kuhusu usukani.

Jumamosi, Kiguu alikumbuka, aliingia sebuleni akakuta harufu kali. Aliuliza, “Nini kinanuka?” Mkewe akajibu bila kugeuka, “Dawa ya nywele.” Akatosheka. Harufu ya kwao ilikuwa siku zote ama dawa ya nywele ama grisi. Ungemtaka atofautishe kwa pua ipi?

Sasa ndipo alipoelewa. Mkewe hahami. Na yeye saa kumi anatakiwa ampe Bosi jibu, jibu ambalo tayari lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake na viatu limevaa. Fundi umeme akatokea mlangoni akipangusa mdomo. “Haya, tuwashe?” Kiguu akampita kama upepo. “Nakuja,” alisema, akashuka kwa miguu ghorofa zote, fundi lifti mzima akihema kwenye ngazi.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa kwenye saluni yake. Ndiyo, yake, chumba kimoja kando ya barabara alichokipata mwaka huu baada ya miaka ya kukodi kiti kwa watu wengine. Kiguu akavuta stuli akapanda. Akaushika mlingoti wa mbele kwa vidole viwili, akautikisa. Haukucheza. Wa kati, haukucheza. Wa nyuma, akautikisa mpaka kabati likalia, na mlingoti ukamtazama tu.

Akaiteremsha meli akaiweka mezani. Hapo ndipo kichwa chake kikaanza kufanya kazi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi utulivu. Gundi ya mirija miwili haina mjadala, sawa. Lakini mbao ni mbao. Ukikata hapa, juu kidogo ya sitaha, ukatoboa katikati, ukaweka pini ya waya, ukishafika unarudisha, na kiungo chenyewe ukikizungushia uzi hakionekani. Akaenda kwenye begi la vyombo akaleta msumeno wake mdogo wa kukatia vitu vya maana. Akainama, akafumba jicho moja, akatafuta pa kuanzia. Hakuwa na ubaya moyoni, tuseme ukweli. Alikuwa na furaha ya fundi aliyepata tatizo.

“Baba,” sauti ilisema, “tunahama?”

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule na mkoba begani, amerudi kula cha mchana.

“Nani kakwambia?” Kiguu alishtuka, akaficha msumeno nyuma ya paja kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

“Si unatoa milingoti?”

“Na milingoti inahusu nini?”

“Mama akitoa milingoti ndio tunahama. Nyie mnakaa hata wiki mbili ndio mniambie. Meli huwa inaniambia mapema. Nikiona iko wazi juu, naanza kuwaaga wenzangu.”

“Tangu lini unajua?”

“Tangu mdogo.” Aliuvuta mkoba wake juu begani. Hakuwa analia, ingekuwa afadhali kama angelia. “Ijumaa uliposema kituo kipya niliangalia. Jumamosi nikaangalia, ipo. Jana ipo. Nikasema labda safari hii… Leo mwalimu kaniomba niwe kiranja. Shule zote nilikuwa nakataa, maana utakuwaje kiranja halafu unaondoka? Leo nikakubali.”

Kiguu aliutazama msumeno. Meno yake yalikuwa yameshashika vumbi kidogo la ubao. Kumbe alikuwa ameshaanza kukata na hata hakujua. Kwenye mlingoti wa mbele palikuwa na mkwaruzo mweupe, mfupi. Akaona uchungu wa kujiona mwenyewe kwa nje: mkewe amesema hapana kwa namna pekee aliyoiona inasikika, na yeye jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta msumeno.

“Hatuhami,” alisema. Mdomo ulitangulia, kichwa kikafuata nyuma kikihema.

Binti hakuruka kwa furaha. Alimwangalia jinsi mtu anavyoangalia wingu ambalo limeshamdanganya mara nyingi kwamba ni mvua.

“Kamwambie mama mwenyewe,” alisema. “Mimi habari hiyo sibebi. Ikigeuka, mwongo nitaonekana mimi.” Kisha akanyoosha mkono. “Na huo msumeno nipe.”

Akampa.

Saluni ilikuwa na kioo kimoja kikubwa, viti viwili, na benchi la wanaongoja. Kiti kimoja kilikuwa na mteja, mwanamke mnene mwenye nusu ya kichwa imesukwa mistari na nusu imebaki kichaka. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Mkewe alimwona kwenye kioo akiingia, akaona jasho, akaona viatu vya kazini, na mikono yake haikusimama.

“Kuna mtu kaumia?” aliuliza.

“Hapana. Nimemwambia Bosi siendi.”

“Umemwambia, au utamwambia?”

Mteja akainua macho. Miaka yote hii, na bado alidhani anaweza kumpiga chenga yule mwanamke! Akatoa simu, akapiga papo hapo, na kwa kuwa simu ya fundi siku zote husikika mtaa mzima, Bosi alizungumza na wote watatu.

“Kiguu! Nilikuwa nakungoja wewe. Hata gari la mizigo nimeshalitafuta.”

“Bosi, siendi.”

Bosi alicheka. Alicheka kwa raha, kama mtu aliyetekenywa. “Acha utani bwana. Sasa aende nani?”

“Yeyote. Mimi nabaki.”

Kicheko kikaisha. “Unabaki ufanye nini? Hapa tukimaliza hilo jengo hakuna tena kufunga. Itakuwa matengenezo tu. Kupaka grisi na kutoa watu waliokwama. Lifti zilezile, ngazi zilezile, miaka nenda miaka rudi. Utaweza wewe?”

Tusimfanye Kiguu shujaa, hakuwa shujaa. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli, akiiona miaka hiyo imejipanga mbele yake, na yeye anaipaka grisi mmoja mmoja. Macho yake yakaenda mlangoni. Kulikuwa na barabara pale nje, na gari likipita. Mkewe aliyaona macho yake yakienda. Mikono yake ilisimama, na mteja akabaki kichwa kimeshikwa hewani.

“Nitapaka grisi,” Kiguu alisema.

“Shauri yako,” Bosi alisema, na simu ikakatika.

Vidole vya mkewe vikarudi kazini, taratibu, vikigawanya nywele, vikavuta, vikafunga.

“Umesoma,” alisema.

“Nimesoma.”

“Na ya nta umesoma?”

“Yote.” Kiguu alisugua shingo. “Kwa nini hukusema tu kwamba hutaki? Mimi si ningesikia.”

“Ungesikia. Ungebaki kwa kuwa nimekukataza, halafu kila siku nikuone dirishani unapima barabara. Sitaki mfungwa nyumbani kwangu. Nimeshasuka vichwa vya watu wenye wafungwa, nazijua hadithi zao.”

“Kweli kabisa,” mteja alisema kutoka chini.

“Na ningekwenda je?”

Mkewe alichukua kitana, akapiga mstari mpya kichwani mwa mteja, mstari ulionyooka. “Ungekwenda. Sisi tungebaki. Ungekuwa unakuja likizo, tunakupikia, tunakuonyesha daftari za mtoto, unarudi zako.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekupa bei ya kitu ambacho bei yake haipungui, na hapo ndipo Kiguu alipoogopa zaidi kuliko alivyoiogopa grisi. Asubuhi ile ile, juu ya paa, alikuwa amebakiza saa chache awe mgeni wa nyumba yake, na alikuwa anaona miguu inawasha tu.

Alitaka kusema nisamehe. Alitaka kusema asante kwa ajili ya kamba, siki, taulo la kijani. Badala yake akasema, “Basi ngoja nirudi kazini, yule fundi umeme nimemwacha…”

“Kaa,” mkewe alisema.

“Wapi?”

“Kiti si hicho hapo?”

“Lakini kazini…”

“Kazi yenyewe sasa ni ya miaka nenda miaka rudi, umesikia. Haikimbii. Kaa. Tangu unioe hujawahi hata siku moja kuniona nikimaliza kichwa cha mtu.”

Kiguu akafungua mdomo abishe. Kichwani alipita haraka haraka kwenye nyumba zote walizowahi kuishi, baraza zote, viti vyote vya kukodi, akitafuta siku moja tu, hata nusu siku, aitoe iwe ushahidi. Hakuipata. Akakaa. Kiti kilikuwa laini kuliko alivyodhani, na kwenye kioo alimwona mkewe, na akajiona mwenyewe, na goti lake la kulia limeshaanza kutikisika.

Mteja alimwangalia kwa upande, kwa huruma, kadiri nywele zilizoshikwa zilivyomruhusu.

“Pole, shemeji,” alisema. “Kichwa chenyewe hakijafika hata nusu.”